Nani Anaandika Sheria za Swichi Yetu?



Katika mkutano uliopita maneno kuhusu intaneti ya ukumbi yalikuwa mengi, lakini karibu yote yalirudi kwenye mambo mawili. La kwanza lilisemwa kwa sauti kubwa: mega tunazolipia pamoja zinaisha kabla mwezi haujafika katikati, na anayezimaliza hajulikani. La pili lilisemwa polepole, na ndilo zito zaidi. Kompyuta yenye daftari la likelemba, pamoja na majina ya wamama waliokopa na wanaochelewa kulipa, iko kwenye mtandao uleule ambao kila kijana mwenye simu anaingia akipita ukumbini. Tuliahidi kuandika juu ya mambo hayo. Makala ni ndefu kuliko kawaida yetu, basi someni kwa vipande, hata mkisubiri kivuko cha Aruwimi.

Tuanze na kitu chenyewe. Kile kisanduku bapa chenye matundu manane na taa ndogo za kijani, kilichofungwa ukutani karibu na betri za sola, kinaitwa swichi. Wengi wetu tunakidhania kama kile kifaa cha kugawia umeme: unachomeka waya, kinapitisha, basi. Sivyo. Swichi inasoma. Kila chombo kinachoingia kwenye mtandao, iwe simu, kompyuta au printa, kina namba yake yenye tarakimu na herufi 12, kama chasi ya pikipiki. Chombo kinapotuma ujumbe, ujumbe hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hubeba namba ya anayetuma na ya anayepelekewa. Swichi inaangalia namba ya mtumaji, inakumbuka yuko kwenye tundu gani, na siku nyingine pakiti ikija kwa ajili yake inaipeleka tundu hilo tu. Barua ya mama katibu kwenda kwenye printa haina haja ya kupita kwenye simu ya kijana aliyeko barazani.

Kwa hiyo kuchuja ni kazi ambayo swichi imezaliwa nayo. Na hapa tuweke jambo la kutufurahisha. Vifaa hivi vilipoanza kutumika, vilikuwa na tatizo moja kubwa: ukiviunganisha kwa mzunguko, pakiti zinazunguka bila mwisho mpaka mtandao mzima unalala. Aliyepata dawa ya jambo hilo mwaka 1985 ni mwanamke wa Marekani, Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation. Mbinu yake inazifanya swichi zijadiliane zenyewe, zichague njia moja, na kuzifunga zile za ziada mpaka zitakapohitajika. Swichi nyingi duniani bado zinatumia mbinu hiyo au watoto wake. Mtoto akichomeka ncha mbili za waya mmoja kwenye matundu mawili ya ukutani, na watoto hufanya hivyo, ni kazi ya mama huyo inayotuokoa, mradi swichi iwe na uwezo huo na umewashwa.

Lakini kuna swichi na swichi. Ya bei ya chini kabisa inapitisha tu, haina mahali pa kuandikia amri. Tunayohitaji ni ile ya kusimamiwa, ambayo ukiiandikia anwani yake kwenye kompyuta inakufungulia ukurasa wa mipangilio na kukuomba neno la siri. Mama yeyote atakayetumwa Kisangani kununua aulize hilo kwanza kabla ya kuuliza bei. Ni zaidi ya kilomita 120 za barabara tunayoifahamu, na kurudisha kitu dukani si kazi ya siku moja.

Sasa, kazi ya kwanza ni kugawa. Swichi ya kusimamiwa inaweza kukatwa ndani yake iwe kama swichi mbili au tatu zisizoonana, ingawa kisanduku ni kimoja. Mafundi huita kila kipande VLAN na kukipa namba, kuanzia 1 mpaka 4094. Sisi tunahitaji viwili tu. Kipande cha 10 kiwe cha ofisi: kompyuta ya daftari kwenye tundu la 2 na printa kwenye tundu la 3. Kipande cha 20 kiwe cha wageni na wanafunzi: kile kifaa cha kurusha waifai kwenye tundu la 4, na meza za kujifunzia kwenye matundu ya 5 mpaka 8. Tundu la 1 linakwenda kwenye ruta, ile inayoshika intaneti kutoka kwenye antena, na ni tundu hilo peke yake linalobeba vipande vyote viwili, kila pakiti ikiwa na alama ya kipande chake. Anwani nazo zigawanywe: za ofisi zianze na 192.168.10, za wageni 192.168.20. Ukiona anwani unajua mtu ametoka upande gani wa nyumba.

Kugawa peke yake hakutoshi. Ruta inafahamu vipande vyote viwili, na isipokatazwa itavusha pakiti kutoka cha wageni kwenda cha ofisi bila kuuliza. Ndipo inapokuja kazi ya pili, orodha ya ruhusa. Fikirini kizuizi cha barabarani ambapo mlinzi ameshika karatasi. Pikipiki inafika, mlinzi anaanza kusoma juu kabisa: mstari wa kwanza unamhusu huyu? Hapana. Wa pili? Ndiyo, umeandikwa apite. Anampitisha na kukunja karatasi. Ya tatu na ya nne hayasomi tena. Swichi inafanya hivyohivyo kwa kila pakiti, mara elfu nyingi kwa sekunde. Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaokata shauri, na mingine yote ya chini ni kama haipo.

Jambo hili linawashinda hata mafundi wenye shahada. Mtu anaandika juu «wageni wapite popote», halafu chini yake «wageni wasiingie ofisini». Karatasi ina katazo zuri, na ofisi iko wazi kama soko la Jumamosi, maana hakuna pakiti hata moja itakayofika kwenye mstari wa pili.

Kwa tundu la 4, ambako simu zote za waifai zinaingilia, orodha tunayopendekeza ni hii. Juu kabisa, simu iruhusiwe kuomba anwani inapoingia; ombi hilo linakwenda kwenye mlango namba 67. (Mlango hapa si lile tundu la ukutani. Ni namba inayoonyesha pakiti inatafuta huduma gani.) Halafu simu iruhusiwe kuuliza majina kwa ruta, mlango namba 53, kwa sababu bila hiyo haiwezi kujua tovuti iko wapi. Mstari wa tatu ndio ukuta wetu: kutoka 192.168.20 kwenda 192.168.10, marufuku, na kwenda kwenye ruta yenyewe kwa jambo lingine lolote, marufuku vilevile. Baada ya ukuta ndipo turuhusu milango 443 na 80, ambayo karibu kila ukurasa wa intaneti hupitia. Orodha hiyohiyo iwekwe na kwenye matundu 5 mpaka 8.

Mwisho wa orodha kuna mstari ambao swichi nyingi hazikuonyeshi. Umeandikwa kwa wino usioonekana: yasiyotajwa juu, yote marufuku. Ndiyo sababu ile mistari miwili ya mwanzo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Ukisahau mlango 67 au 53, simu itaonyesha alama ya waifai imejaa, lakini hakuna kinachofunguka, na watu wataanza kulaumu antena na mvua. Pia ujumbe wa WhatsApp utapita, lakini mazungumzo ya sauti hutafuta milango mingine, kama 3478, na yanaweza kukatikakatika. Wenye watoto Kinshasa au ng'ambo watatuambia kama mlango huo ufunguliwe. Hilo si la fundi kuamua.

Kwa fundi atakayefanya kazi kwenye swichi ya Cisco, neno moja la pembeni. Mahali ambapo vifaa vingi huandika 255.255.255.0, orodha ya Cisco huandika kinyume chake, 0.0.0.255: sifuri maana yake «lazima ilingane», 255 maana yake «yoyote». Ukizigeuza, swichi inaipokea amri yako bila kulalamika na kulinda kitu ambacho hukukusudia.

Tumefika penye umeme, na hapa Banalia si jambo dogo. Amri unazoandika kwenye swichi nyingi hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Zinafanya kazi saa hiyohiyo, fundi anafurahi, analipwa franka zake, anapanda pikipiki anaenda. Usiku betri zinaisha. Asubuhi jua linapanda, swichi inawaka, na imerudi kama ilivyokuwa juzi, ofisi na barabara ni kitu kimoja tena. Hakuna taa itakayowaambia. Kwa hiyo kabla fundi hajalipwa, asivhie mipangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu, halafu sisi wenyewe tuchomoe waya wa umeme, tuhesabu mpaka 30, tuurudishe, na tujaribu kuifungua printa ya ofisi kwa simu ya mgeni. Ikifunguka, kazi haijaisha.

Kuna na hatari ya kujifungia nje. Fundi akiandika mstari mmoja vibaya anaweza kuikatia swichi njia ambayo yeye mwenyewe anaitumia kuifikia. Wazoefu huamuru swichi ijizime na kuwaka yenyewe baada ya dakika 10, kisha ndipo wanaandika sheria mpya bila kuzihifadhi. Mambo yakiharibika wanakaa, wanakunywa chai, na swichi inarudi katika hali ya zamani. Yakienda vizuri wanaifuta ile amri na kuhifadhi. Ukimwona fundi anafanya hivyo bila kuambiwa, mshikeni, huyo anajua kazi.

Na mega? Swichi haijui bei ya intaneti, ila inahesabu. Kwenye ukurasa wake kuna jedwali la pakiti na baiti zilizopita kwenye kila tundu. Tukilisoma kila Jumamosi na kuliandika kwenye daftari, baada ya majuma matatu tutajua kama mega zinaliwa na waifai, na meza za wanafunzi, au na ofisi yenyewe. Msishangae ikiwa ni ofisi. Kompyuta ya Windows ikiachwa ijisasishe itakavyo inashusha mamia ya mega usiku bila mtu kuigusa. Kuna mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, na inatulia. Swichi nyingi pia zinaweza kupunguza kasi ya tundu moja. Tukiibana kasi ya tundu la 4, video hazitakimbia, lakini mwanafunzi anayetafuta matokeo yake au fomu ya chuo kikuu cha Kisangani hatakosa.

Lile swali la wamama watatu, kama swichi inaweza kuwazuia watoto wasione picha za aibu, jibu lake si zuri sana. Swichi inasoma bahasha, haisomi barua. Ukurasa wa masomo na ukurasa mchafu vyote hupita mlango 443, vimefungwa kwa siri. Kinachosaidia kidogo ni kule kuuliza majina. Ruta inaweza kuelekezwa imuulize mtoa majina anayekataa kutaja tovuti za aina hiyo; kampuni ya Cloudflare ilifungua mmoja wa bure mwaka 2020, anwani yake 1.1.1.3. Na kwa kuwa orodha yetu hairuhusu kuuliza majina popote isipokuwa kwa ruta, mtoto hawezi kubadilisha hilo kirahisi. Kirahisi, tumesema. Kijana wa miaka 16 mwenye muda atapata njia, na simu yenye mega zake mwenyewe haipiti kwenye swichi yetu kabisa. Kuzuia simu moja moja kwa zile namba 12 pia kumepungua nguvu, kwa sababu tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia namba nyingine kwa kila waifai.

Sasa jambo ambalo kwetu ndilo kubwa. Sheria hizi zote ni maneno ambayo mtu ameyaandika. Nani?

Nchi yetu inalijua swali hili. Agosti 2017 mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, ARPTC, iliyaandikia makampuni ya simu yapunguze uwezo wa kutuma picha kwenye mitandao ya kijamii. Huko ni kuchuja: hiki kipite, kile kisipite. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, haikuwa kuchuja tena, ilikuwa ule mstari wa mwisho peke yake: yote marufuku. Intaneti na ujumbe mfupi vilifungwa karibu majuma matatu, vikarudi katika siku za 19 na 20 Januari 2019. Serikali ilisema ni kwa ajili ya utulivu wa watu. Mnakumbuka wenyewe: waliokuwa wakisubiri habari za mgonjwa walisubiri, waliokuwa na biashara ya kuuziana kwa simu walikaa. Hatutafuti siasa katika gazeti hili la familia. Tunachosema ni kwamba chombo ni kilekile, kikubwa kwao na kidogo kwetu, na aliyekishika anaweza kuandika mstari usiku bila mtu mwingine kuuona.

Mfano mwingine ni wa kutia moyo. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, shirika Ensemble pour la Différence lilijenga pamoja na wenyeji mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net, ukivusha intaneti kwa mawimbi juu ya maji. Wenye biashara na mashirika walilipia, na wananchi wakapata nafasi yao ya kutumia bila malipo. Mgawo huo nao, ukifika kwenye kifaa, ni mistari ya ruhusa. Lakini kabla ya kuwa mistari ulikuwa mapatano: nani anahitaji nini, nani anaweza kulipa, nani asiachwe nje.

Sisi tayari tuna namna yetu ya mapatano. Sanduku la akiba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu wa nyumba tatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mwenyekiti. Lakini kompyuta inayolihesabu sanduku hilo inalindwa na neno la siri moja, na neno hilo lipo kichwani mwa kijana mmoja, mtu mzuri kabisa, ambaye anaweza kupata kazi Buta au Kisangani kesho akaondoka nalo. Hatumlaumu. Hakuna aliyemwomba aliandike mahali.

Basi haya ndiyo tunayoyapeleka kwenye mkutano. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ileile swichi inapofungwa, maana lile la kwanza mara nyingi limechapwa kwenye kitabu chake na kila fundi analijua. Jipya liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha, na bahasha ikae ndani ya sanduku la kufuli tatu. Orodha ya ruhusa iandikwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ibandikwe ukutani kando ya swichi, kila mstari na sababu yake na jina la mama aliyeuomba. Fundi akibadilisha neno kwenye swichi, abadilishe na ukutani siku hiyohiyo mbele ya mashahidi wawili. Na nakala ya mipangilio iwekwe kwenye flash, itiwe humohumo sandukuni, kwa sababu radi zetu hazichagui kifaa.

Kuna wamama wawili wameshatuambia kwamba wanafunzi wasibanwe kasi saa za jioni, kwa kuwa mchana wako shambani au dukani kusaidia nyumbani. Mama mmoja anataka kinyume, jioni iwe ya wenye biashara wanaopokea oda za mchele na mafuta ya mawese. Baadhi ya swichi zinaweza kufuata saa, yetu bado hatujaihakikisha. Fundi ameombwa aangalie kabla ya mkutano.

Mkutano ni Jumamosi ukumbini, baada ya kufungua sanduku la akiba. Orodha ya mistari tutaisoma kwa sauti kuanzia juu. Mwenye mstari wa kuongeza au wa kufuta aje nao umeandikwa, hata kwenye kipande cha daftari la mtoto, na aseme unakwenda juu ya upi na chini ya upi.